Volti Tisa

Tsisana, kopo hili unalijua.
Ni lile la biskuti, alimowekea mama
vifungo na sindano za cherehani.
Vifungo nimevihamishia kwenye soksi.
Nisamehe, sikuwa na chombo kingine.

Ndani mna ruta, ya pili.
Ya kwanza niliiua mwenyewe Jumanne usiku,
nilipounga chanya palipotaka hasi:
moshi mwembamba, harufu ya ukucha ulioungua,
na Guram akachungulia dirishani kuuliza
kama nababua nguruwe.
Haraka haraka, na baraka sikuiona.

Hii nimeinunua Ambrolauri kwa bei ya kuku wawili.
Inataka volti kumi na mbili, haitaki mzaha.
Nikapasua betri za kompyuta mbovu,
seli tisa: sita maiti, tatu zina roho.
Nikazipanga foleni, mkia wa hii kichwani mwa ile,
nikazilehemu upesi upesi,
maana seli haipendi moto uikalie.
Swichi nimeing'oa kwenye taa ya kitanda chake.
Taa ile haijawashwa tangu Januari.

Kwa nini yote haya, utauliza.
Makaburini mtandao haufiki.
Nyumbani upo, kwa Guram upo,
ukishavuka kijito tu
simu inakuwa kioo cha kunyolea.
Basi nimesimamisha antena juu ya paa la Guram,
inatazama kilima,
na kopo hili linaitazama antena,
jicho kwa jicho, mita mia nane.
Katikati palikuwa na tawi la mjozi.
Nimelikata.
Mama angenigombeza kwa tawi lile
kuliko kwa ile ruta iliyoungua.

Leo Pasaka. Kila kaburi lina wenyewe,
mayai mekundu, mkate, divai ya mtungini.
Mimi nimepanda na wewe kikapuni,
chini ya kitambaa, kati ya mayai.

Ukatokea. Jiko la watu, huko Bari,
na nyuma yako kiti cha magurudumu cha bibi unayemwogesha.
Umevaa nyeusi.
Miaka kumi na miwili, Tsisana,
na karatasi bado hazijatoka;
ukivuka mpaka kuja kuzika,
mlango unajifunga nyuma yako,
na pesa za paa letu zinabaki upande wa pili.
Najua. Sikukulaumu Januari,
ingawa simu yangu ilikuwa fupi.

Ukasema, "Niegemeze kwenye jiwe."
Nikakuegemeza.
Nikamwaga divai kwa niaba yako, nikabiringisha yai udongoni,
likakwama penye nyasi mpya.
Ukasema, "Malkhaz, sogea kidogo."

Nikasogea hadi uzioni.
Guram akanisimulia bei ya mbolea,
nikaitikia pasipo kusikia.
Kwa mbali niliona taa ya kijani kwenye kopo
ikipepesa, ikipepesa,
na bega la jiwe, na nywele zako kidogo.
Ulichosema si changu.

Lakini hesabu ni yangu.
Seli tatu zikijaa ni kumi na mbili nukta sita.
Zikishuka hadi tisa, unazima;
ukipitiliza, zinaoza ndani kwa ndani,
na hata uzichaji wiki nzima haziamki.
Fundi yeyote atakwambia hivyo.
Mimi mwenyewe nimewaambia watu hivyo.

Saa mbili na dakika arobaini.
Nikanyatia nyuma ya jiwe kama mwizi,
nikagusisha kipimo kwenye nyaya:
tisa nukta tatu.
Ulikuwa unamweleza jinsi ya kukausha majani ya mnanaa,
yeye aliyekufundisha.
Tisa nukta moja.
Kidole changu kilikuwa juu ya swichi ya kitanda chake.

Nikakiondoa.
Nikatia kipimo mfukoni.
Seli nitatafuta nyingine.