Nyuzi Ishirini

Bohari halina dirisha.
Ndani, usiku na mchana, nyuzi joto ishirini,
si kumi na tisa, si ishirini na moja.
Hewa ikipata unyevu, kidude cha ukutani
hulia kama kifaranga aliyepotezwa na mamaye.
Mimi Adelino Quintela, mchukuzi wa zamu ya usiku,
mwaka wa tisa sasa hapa Geneva,
naweza kukuapia: picha hazikohoi.

Kwangu, ghorofa ya sita, ng'ambo ya mto,
kikanza kilikufa Novemba.
Mwenye nyumba aliahidi fundi.
Ahadi hiyo ina miezi mitatu, imeshaota meno,
na ukuta wa chumba cha binti yangu umeota kuvu
nyeusi, mfano wa ramani ya nchi nisiyoijua.
Zulmira hulala na soksi na koti la shule.
Mama yake huhesabu: maharage, nauli, dawa, kodi,
huhesabu kwa vidole,
na vidole humwishia kabla ya mwezi.

Sasa sikiliza habari za kasha namba 212.
Kilo arobaini na moja, mbao za msonobari.
Nililibeba mara moja tu, siku lilipoingia.
Tangu hapo limeuzwa mara tatu
na halijasogea hata shubiri.
Zilizosafiri ni karatasi: jina likafutwa, jina likaandikwa,
na kila lilipobadilika, bei ikafura
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Punda afe, mzigo ufike, husema wenye mizigo.
Mzigo huu haufiki.
Haukukusudiwa kufika.

Siku moja lilifunguliwa, amekuja mtu wa bima.
Nilimshikia taa.
Shamba la viazi. Wanawake watano wameinama,
wa sita amesimama, mkono kiunoni,
anamkazia macho mchoraji kama anayeuliza:
utanilipa kwa kusimama huku, au nirudi matutani?
Nilimjua. Yaani, niliujua ule mkono.
Marehemu mama, Etelvina, aliushika mgongo wake vivyo hivyo,
katika mashamba ya watu.
Mtu wa bima akapima nyufa za rangi kwa kioo chake,
akaandika: hali njema.

Hali njema!
Karne nzima yuko matutani,
ameuzwa, akauzwa tena,
na hajaonja kiazi.
Wamemnunulia joto, kisha wakamzimia taa.

Nilikuwa nikijiuliza, huyu tajiri anapata nini?
Kuitazama, haitazami. Mgeni wake haioni.
Besnik, mwenzangu wa zamu, mtu wa Prizren,
alinijibu huku akimenya kitunguu:
"Anapata hiki, kwamba wewe huioni."
Kisha akanionyesha kasha kwa ncha ya kisu.
"Kuna aliyepasua mbao, kuna aliyepiga misumari,
kuna waliolima, kuna sisi tuliobeba.
Nitafutie hapo mkono wa mwenyewe."
Nikatafuta. Nikapata sahihi.

Jana theluji ilianguka tangu alasiri.
Binti yangu alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi.
Nikamfunga ndani ya koti langu, nikapita naye
mlango wa nyuma, ule wa makasha.
Nikamtandikia mablanketi ya kufungia picha,
chini ya 212, kwenye nyuzi ishirini zao.
Akalala. Saa ya kwanza, kimya. Saa ya pili
pumzi yake ikatulia kama maji mtungini.
Hakukohoa. Nami nilikaa, nikilinda kwa mara ya kwanza
kitu chenye thamani.

Saa tisa kidude kikalia.
Hewa ilikuwa imeingia unyevu:
mtoto amepumua.

Besnik akaja mbio na tochi na funguo zake.
Akamwona. Akaniona.
Akanyoosha mkono, akakinyamazisha kidude,
akasimama pale, theluji ikimyeyuka mabegani.
Sikuwa na la kusema.
Akasema yeye, kwa sauti ya chini asimwamshe:
"Wangu ni wawili.
Kesho niwalete saa ngapi?"