A ya Saba

Sanduku lilishuka na garimoshi: Q kumi na mbili,
X za kutosha kuzibia dirisha,
A sita.

Sita! Kwa lugha hii inayokula A
kama mchwa walivyokula mlango wa stoo.
Tulipopanga MKUTANO WA HADHARA
tulikwama kwenye TABOR.

Mihayo hakusema kitu. Akavuka reli hadi Cheyo,
akarudi na mguu wa kitanda, mninga,
akaupasua vipande.
"A haina kulia wala kushoto," akasema,
"hata ukiigeuza ni ileile."
Akazichonga na visigino vipana, kama buti za mgambo,
zisimame bila kuomba ukuta.

Kwenye ya saba, ya kwanza kwake, kisu kiliteleza:
ndipo Kalunde alipoita kutoka uani
kwamba uchungu umeanza.
Kovu lile hakulisawazisha.

Leo nimebandua kalenda kuukuu, Isevya.
Chini yake tangazo la mnada, wino umefifia,
na katika ASALI, A ya pili
imemeguka kisigino.
Nikahesabu umri wa binti yake.

Q bado zimo sandukuni, safi,
hazijaonja wino.