Chupa ya Saba

Saa kumi na moja alfajiri Wara amevaa buti za mpira
za kaka yake, zimemzidi namba mbili,
ncha amezijaza soksi kuukuu.
Ukingoni, barafu nyembamba inamegeka kama kigaga.

Mwalimu Tancara amewaonya: andikeni mnachokiona,
si mnachokihofia.
Basi anaandika.
Joto la maji, nyuzi tisa.
Rangi, chai iliyolala.
Harufu...
anafuta. Fomu haina mstari wa harufu.

Chura wa ziwa hili la milimani hana haja ya nchi kavu.
Hupumua kwa ngozi, na ngozi kapewa ya kuzidi,
inamning'inia mapajani kama koti la kurithi.
Maji yakiwa maji, koti zima ni pafu.

Kituo cha kwanza, vyura watatu hai.
Cha pili, mmoja.
Cha tano, Eusebio ameacha utani.
Cha sita ni wengi, matumbo juu, weupe,
wanahesabiwa kwa kijiti, kumi kumi,
hadi kijiti chenyewe kinateleza mkononi.

Kituo cha saba ni mdomo wa mto,
nao mto unashuka kutoka mjini, kwenye viwanda vya ngozi.
Wara anakijua kimoja. Cha nne kushoto, geti la bluu.
Mama yake yumo humo miaka kumi na mmoja,
akichovya ngozi za ng'ombe kwenye kromi,
kucha zimeshika ukijani usiotoka kwa sabuni.
Hulipwa Jumamosi.
Jumamosi ndiyo ada. Jumamosi ndiyo nauli ya kufika hapa
kuinama na chupa.

Chupa inabugia maji, gubu, gubu,
inajaa upesi kuliko zote.
Lebo: kituo, saa, jina la mchukuaji.
Wino umeganda. Anaipasha kalamu kwapani,
anakawia,
wenzake nyuma wanapiga miguu kwa baridi.

Usiku, mama anamenya viazi.
"Mmeona nini huko?"
"Vyura."
"Wazima?"
Wara anaitazama ile mikono, ngozi ilivyochanika
kwenye viungo vya vidole, na hajibu.

Ganda refu linaanguka kwenye beseni.
"Andika," mama anasema bila kuinua kichwa.
"Na geti la bluu uliandike."

Kisha anauliza kama zile chupa zitarudishwa chuoni,
au moja itabaki, ya kuwekea mafuta.