Safu Mbili

Dokta Tumuhairwe amenipa kazi ya miezi mitatu:
kuingiza majibu ya kaya mia sita kwenye kompyuta.
Safu ya kushoto, Wahindi wa Jinja, wajukuu wa wenye maduka.
Safu ya kulia, Wanubi wa Bombo, wajukuu wa askari.
Wote waliletwa na Mwingereza, asema, wote wageni,
miaka ileile, hamsini huku, hamsini kule.
Sasa tupime nani kafika wapi.

Naandika. Miaka ya shule: kumi na tano; saba.
Hati ya kiwanja: ipo; haipo.
Mkopo wa benki: ndiyo, ndiyo, ndiyo;
"Benki ipi?" kauliza mmoja, na mhoji
akaandika hivyohivyo, na alama yake ya kuuliza.

Kaya namba 417 ni kwetu.
Nimeitambua kwa choo: cha shimo, mlango wa gunia.
Nimeitambua kwa shughuli ya mama: kusuka tabaga.
Kipato: kinategemea harusi.
Dokta sijamwambia. Nimejaza kama nilivyojaza zingine,
ila mkono ulisita kwenye "mali zenye thamani",
maana medali haina kisanduku chake.

Medali ipo, ndani ya kopo la Kimbo, chini ya sindano.
Rehan Fadlmula, babu wa babu yangu,
alimfukuza Mjerumani hadi Rufiji, akarudi anachechemea.
Wakamwonyesha Bombo, wakamwambia: kaa.
Kaa. Hawakusema: miliki.
Aliyajua maneno yote mawili, lakini alikuwa amechoka,
na amri ni amri.

Mwaka huo Devshi Kanabar alipewa leseni,
karatasi ya muhuri, auze chumvi na amerikani.
Karatasi ilizaa karatasi.
Bunduki ya Rehan ilirudishwa ghalani.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuhukumu.
Kaya namba 88, Jinja, mama Hansa Kanabar:
"Tulipewa siku tisini. Tuliondoka na masanduku mawili
na mtoto mwenye surua.
Tuliporudi, miaka ishirini baadaye, mpapai
ulikuwa umeota pale palipokuwa na mizani.
Ufunguo wangu bado uliingia kwenye kufuli."

Nilisimama hapo. Nikaenda kunywa maji.
Sisi, mwaka wa sabini na tisa, hatukupewa hata siku moja.
Mama alivuka mpaka na sufuria kichwani, uji umo, wa moto.
Waliporudi hawakukuta kufuli, hawakukuta mlango,
wala ofisi ambayo mtu angeingia na kusema: nirudishieni.
Ungerudishiwa nini, na karatasi hukuwahi kupewa?

Dokta asema tofauti ni utamaduni wa kuweka akiba.
Pengine. Ana grafu nzuri, ya rangi ya bluu.

Mwishoni mwa fomu ya namba 88, pembeni,
mahali ambapo hapana swali, mhoji kaandika kwa penseli:
"Mhojiwa ana kawa la rangi ukutani, jekundu na zambarau.
Asema alilichukua kwa mkopo, barazani pa duka,
kwa Mnubi aitwaye Mastula, wiki ile ya kuondoka.
Anadaiwa shilingi sita.
Auliza kama kuna anayemjua."

Nimetafuta safu ya kuliweka jambo hili.
Si kipato, si deni la benki, si mali.
Nimeliacha nje, na jedwali limekaa sawa bila hilo.

Jioni nimempigia mama simu.
Bibi Mastula tulimzika mwaka juzi, vidole vyake
vikiwa bado na rangi ya zambarau kwenye kucha.
Nikamsomea yale maandishi ya penseli, neno kwa neno.
Mama akanyamaza. Nilisikia ukindu ukikwaruza,
hakuwa ameacha kusuka.

"Sita?" akasema. "Bibi yako alisema nane."