Zamu B

Mimi naitwa Sikujua.
Bibi alinipa jina hili ili kumsema jirani yake,
ugomvi wa kisima, Mbagala, kabla sijazaliwa.
Miaka kumi na tisa nimepima unga
kwenye kiwanda cha mabomba, Chang'ombe,
kwa koleo la bati na mzani wa mawe,
jina langu kifuani kwa uzi mwekundu.

Unga ulikuwa mweupe,
mzito kuliko macho yalivyosema:
kifuko cha kadiri ya sukari ya chai
kilikuvuta bega.
Tuliuita dawa.
Tia dawa, Siku. Dawa imepungua, Siku.

Maana plastiki ile ina hasira za karibu.
Uipashe moto peke yake, haikawii,
inageuka njano, inageuka kahawia,
inatema mvuke wa kukaba koo.
Inataka wa kuishika mkono
mpaka ipite kwenye joto, itoke bomba,
jeupe, nyoofu, la kudumu.
Dawa ndiyo iliyoushika mkono.
Dawa ilikuwa risasi.

Siyo ile ya bunduki, alisema mkaguzi,
binti mdogo, Tusekile, kalamu nyuma ya sikio.
Kisha akaviangalia vidole vyangu,
akasema: haya, ndugu yake.

Tarehe ikabandikwa mlangoni.
Baada ya siku hiyo gunia lenye fuvu lisiingie.
Bosi akapiga hesabu kwa sauti:
dawa mpya, ya kalsiamu na zinki, bei mara mbili,
nani atalinunua bomba langu
na la magendo liko Kariakoo kwa nusu?
Hatukumjibu. Hakuwa anasema uongo.

Wiki ya kwanza tulitoa mabomba ya rangi ya chai.
Chande wa mashine akaitukana skrubu, akaitukana zinki,
akashusha joto nyuzi tano, akapandisha, akashusha tena,
akalala kiwandani, kajifunika kanga ya mkewe.
Zinki, aliniambia, ni mpishi mwenye papara:
anawahi kukusaidia,
akichoka anakiunguza chungu yeye mwenyewe.
Kalsiamu lazima asimame mlangoni pa jiko.
Siku ya kumi na moja likatoka moja jeupe.
Akaligonga kwa spana. Akasikiliza.
Hakusema kitu. Akaenda kununua chapati.

Magunia kumi na manne ya zamani yalibaki stoo.
Jioni moja akaja mtu na kirikuu,
akamwita mlinzi shemeji.
Ufunguo ninao mimi.
Nitakwambia nilikataa, na kweli nilikataa,
ila nilizihesabu kwanza noti alizokunja.

Sasa lipo jambo langu, Kigogo.
Nyumba tuliiwekea mabomba ya kiwandani,
punguzo la wafanyakazi, nikajisifu mtaa mzima.
Mjukuu wangu ana miaka minne,
majina ya rangi hayamkai.
Tusekile alisema apimwe damu. Tukampima.
Namba nimeikunja, iko kwenye pochi,
chini ya kitambulisho cha kazi.
Tarehe ya mlangoni niliisoma.
Bomba lililofukiwa halisomi.

Jumamosi tukachimba, mimi na fundi Mwinshehe,
kutoka mita ya maji hadi jikoni,
udongo wa mfinyanzi, mizizi ya mpapai.
Lilitoka zima, halina hata ufa,
na nikaona fahari, ndiyo, kabla ya aibu:
tulifanya kazi nzuri.
Nikalifuta kwa upindo wa kanga.
Maandishi meusi, bado yanasomeka,
inchi moja, mwezi wa nne, Zamu B.

Zamu B ilikuwa yangu.

Fundi akauliza, hili tukalitupe wapi, mama?
Hadi leo limeegemea ukuta wa choo.
Nimelifunga kitambaa chekundu
watoto wasilishike.