Safu ya Sababu

Daftari lilikuwa na safu tano:
tarehe, jina, kiungo, siku za kulala Bombo,
na ya mwisho, nyembamba kuliko zote,
upana wa vidole viwili: Sababu.

Miaka kumi na saba nilikuwa karani
wa kiwanda cha mkonge, njia ya Pongwe.
Korona ikinguruma, meza ikitetemeka, wino ukiniruka.
Meneja alinifunza siku ya kwanza:
"Mhina, usiandike insha. Neno moja latosha."
Neno likapatikana, likaenea vizuri kwenye safu:
uzembe.

Ntibashima, mkono wa kulia, uzembe.
Nakumbwa, vidole vitatu, uzembe.
Yule kijana wa Kibena ambaye jina lake
nililikosea mara mbili, uzembe.
Nilikuwa na hati nzuri. Wote walinisifu hati.

Halafu ukaja mwaka wa vuli isiyokatika.
Mwanangu Mwinjuma, miaka kumi na tisa,
alitoka asubuhi kwenda kununua mkate
barabara ya kumi na sita, Ngamiani.
Ukuta wa ghala ukamlalia.
Si ukuta wetu. Wala njia yake haikuwa ile;
alikata kona kukwepa dimbwi
asije akachafua viatu.

Msibani kila aliyekuja alikuja na sababu yake
kama watu wanavyokuja na sukari.
Shangazi alisema ni jicho, kijana alikuwa amefaulu mno.
Mpangaji wa uani alisema ni mchanga wa pwani,
tofali likifyatuliwa kwa chumvi halina maisha.
Mwingine akanikumbusha ubani
ambao baba yangu aliahidi pangoni, hakuupeleka.
Maalimu alisema ni mtihani. Wa nani,
sikuuliza; mtahiniwa yuko kaburini.
Nilizipokea zote. Ahsante, ahsante.
Usiku nikazijaribu moja moja. Hakuna iliyoenea.

Moja niliificha, niliyoitunga mwenyewe:
kwamba nimelipwa, neno kwa neno.
Na nakiri, niliitamani iwe kweli.
Afadhali Mungu anayedai deni lake
kuliko ukuta usiomjua mtu.

Arobaini ilipopita nikamtafuta Ntibashima.
Nilimkuta kambini, nyumba ya mwisho,
anasokota kamba. Ya mkonge, ndiyo, huo huo.
Ncha moja kaibana kwa dole gumba la mguu,
mkono wa kushoto ukifanya kazi ya nduguye.
Nikamwambia nilichokiandika.
Alikuwa hajui. Nani angemsomea?

Hakunitukana. Angenitukana ningemshukuru.
Alisokota pima nzima ndipo akasema:
"Usiku ule nilimwota mama. Asubuhi nikapiga mwayo.
Huenda ni uzembe. Huenda ni mama.
Nimejiuliza hadi mkono usiokuwapo ukaniwasha."

Akanyamaza. Kisha:
"Mkate gani?"
"Nini?"
"Mwanao. Alikwenda kununua mkate gani?"

Watu zaidi ya mia walipita barazani kwangu
na hakuna aliyeuliza.
Wa ufuta, nikasema. Mama yake hali mwingine.
Nikasema na viatu, vya turubai, vyeupe,
alivyovipaka chaki usiku akaviegemeza dirishani vikauke.
Nikasema alivyokuwa akinyoa ndevu ambazo hazijaota,
akijikata, akijigamba kwa kidonda.
Nikasema mpaka kamba ikamfikia mlangoni
na giza likatukuta hatujawasha taa.

Jibu sikurudi nalo.
Nilirudi na kipande cha kamba alichonikatia kwa meno,
nikafungia mlango wa uani uliokuwa ukigonga usiku kucha
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Sasa haugongi.
Siku nyingine naufungua mwenyewe, uendelee.
Kamba naishika mkononi. Bado inanuka korona.