Mguu wa Kiti

Karani wa ardhi pale Tanga mjini
ameniuliza mara ya tatu: Hati ipo?
Nikamwambia, hati sina, makaburi ninayo.
Akacheka, akagonga mhuri karatasi ya mwingine.

Makaburi yetu yako Tongoni, kando ya mikoko:
kuta za matumbawe, nguzo zimelala kifudifudi
kama waliosujudu na imamu akaondoka.
Mabakuli ya Kichina yameng'olewa;
yamebaki matundu, yanakukodolea.
Hapo amelala Mwinyi Mgaza, jumbe wa kwanza.
Wapambe husema alikuja na hazina.
Bibi alisema alikuja na deni,
deni la nguo, na ulimi wa kulikana.

Alikuta maji chumvi yakila mpunga wa watu.
Akawapanga kaya kwa kaya, wajenge boma la udongo,
hatua ishirini kila mlango.
Sheria yake ilikuwa fupi:
Asiyebeba tope, abebe mkeka wake.
Wakabeba tope. Boma lilipokauka
wakakuta mpunga umepona,
na wao wamepata bwana.

Mwanawe, Mwinyi Pembe, hakupenda tope.
Aliwafungulia wanyang'anyi wa baharini,
akawapa kisima na uwanja wa kuanikia matanga,
akachukua fungu moja katika kila matano.
Barua za malalamiko zilikuja kutoka Mvita;
alizisoma zote, akafungia ubani.
Alikufa kwa mwiba wa taa. Jumbe mzima, taa!

Mtoto ana miaka minne.
Kiti kikakaliwa na mama,
Mwana Mize, mwembamba, funguo kiunoni.
Mkwewe alipoasi, aliwafungia watu wake ghalani,
siku za jua kali, bila tone.
Binti yake mwenyewe alikuwa miongoni mwao.
Hadi leo mtoto akikataa uji huambiwa: Mize yuaja.
Hawasemi kwamba usiku, peke yake,
alipita na kijinga cha moto
akilipapasa boma kwa kidole, ufa kwa ufa.

Na yule mtoto, Kitwana, akakua,
akavaa joho refu kuliko kimo chake.
Faki wa Ndumi, amiri wake, waliokula yamini pamoja,
alimgeuka kwenye majangwa ya chumvi, bamvua ikipanda.
Tope lile lile la babu likamshika magoti.
Walimkuta asubuhi, mwavuli umefunguka juu yake,
kaa wameshaanza.
Hakuacha mtoto.

Umenisikia nikisema "yetu".
Sasa sikiliza vizuri: mimi si wa Mgaza.
Mimi ni wa Tabu,
mtumwa aliyebeba kiti nyuma ya Kitwana.
Tabu alikimbia nacho. Wakamfikia, wakavutana,
kiti kikaenda,
mguu mmoja ukabaki mkononi mwake.
Jina la Mgaza tulilivaa kama kanzu ya marehemu,
kwa sababu ilikuwepo, na sisi tulikuwa uchi.

Lakini boma, tangu siku ile, limezibwa na nani?
Kila bamvua nani anashuka na karai,
nani anajua pale penye mkoko uliopinda
maji hupenya kwanza, kimya, kama mgeni mwenye adabu?
Karani hana safu ya kuandikia hayo.
Nilichungulia fomu yake: jina, ukubwa, mpaka,
namba ya simu.

Mama aliutumia mguu ule kutwangia vitunguu thaumu.
Umechongwa kitu, pengine ua, pengine jicho;
mikono imeshakifuta.
Upande mmoja umeungua. Hakuna ajuaye lini.

Jumatatu narudi mjini kwa basi la kwanza.
Nitauweka mezani, juu ya mafaili yake.
Akiniuliza ni nini,
nitamwomba aunuse.